Tovuti ya Nusu Kofia

Wanangu, mwalimu wenu ameniomba niwaandikie namna ya kutengeneza tovuti nzuri. Nimekubali haraka, maana nyumbani siku hizi hakuna anayeniuliza chochote. Lakini msitarajie makubwa. Hizo programu zenu sizijui hata kwa majina. Nyinyi mnaisukuma picha kwa kidole, inakaa mnapotaka. Sisi tulikuwa tukiandika kila alama kwa mkono, na ukisahau kuifunga moja tu, ukurasa mzima unageuka maandishi mazito mpaka chini, na wewe umekaa hapo hujui umekosea wapi. Kwa hiyo ya mashine waulizeni wengine. Mimi nitawaambia kuhusu tovuti yangu ya kwanza, ambayo ilikuwa mbovu, na jinsi nilivyoivunja nikaijenga tena. Baadaye nilitengeneza tovuti za hoteli, za maduka, za shule, nikala kwa kazi hiyo mpaka nikastaafu, na sikumbuki jambo la maana nililojifunza kwa hao wote ambalo sikuwa nimelijua kwenye ile ya kwanza.

Ilikuwa tovuti ya kofia. Chekeni, mkimaliza tuendelee.

Kofia za vito mnaziona kila Ijumaa vichwani mwa baba zenu, lakini sidhani mmewahi kuitazama moja kwa makini. Ina vipande viwili. Kuna mkanda wa pembeni unaozunguka kichwa, na kuna duara la juu linalofunika utosi. Unachora nakshi kwa penseli, unatoboa vitundu vidogo vidogo, na kila kitundu unakizungushia uzi mpaka kinasimama chenyewe. Ni kazi ya miezi. Mimi na mdogo wangu Nuru tulianza kuzishona tukiwa wasichana, na mama alitugawia: mimi mkanda, Nuru duara. Hakuwa na hekima yoyote kubwa ya kufanya hivyo. Alikuwa amechoka kutusikia tukigombania kitambaa kimoja. Basi nikakua hivyo, mkanda wangu unasifiwa mtaa wetu mzima wa Kibokoni, na duara siliwezi. Nimejaribu mara nyingi, linakunjamana katikati kama chapati iliyoungua.

Kofia zetu zote zilikuwa za baba. Alikuwa na kichwa kikubwa mno, Mungu amrehemu, kofia za dukani zilikuwa zikimkaa utosini kwa wasiwasi. Mama alimpima kwa uzi, akafunga fundo palipokutana, na uzi ule ukawa ndio kipimo chetu. Mpaka leo uko kwangu, kwenye mkebe wa sindano.

Mama alitangulia, baba akafuata. Nuru akaolewa, akaenda na mumewe Maskati. Mwanzoni kulikuwa na simu, kisha barua, kisha kadi za Idi tu, kisha hapakuwa na kitu. Niliandika kwenye anwani niliyokuwa nayo, sikujibiwa. Nikapiga namba niliyokuwa nayo, akapokea mtu mwingine. Hatukugombana hata kidogo. Ingekuwa tumegombana ningejua pa kuanzia.

Kwa hiyo fikirieni nyumba ya orofa moja, vyumba vimefungwa, na mwanamke mmoja ndani yake anayerudi kazini jioni na kuwasha taa ya sebuleni tu. Nilikuwa mpiga chapa katika ofisi moja ya kutoa mizigo bandarini. Sikuolewa, na watu walikuwa wameshachoka kuniuliza kwa nini. Nikila, nakula. Nikimaliza, nashona mkanda. Na kwa mazoea niliukata kwa uzi ule ule wa baba, nikaumaliza, nikaukunja, nikautia sandukuni juu ya mwingine. Hakuna mtu anayevaa mkanda mtupu, najua. Lakini mikono ilitaka kazi.

Mwalimu wangu katika mambo haya alikuwa fundi wa kompyuta aliyekuja ofisini kutengeneza mashine zilipogoma. Jina lake Kazungu, Mgiriama wa Kaloleni, mtu wa kanisa, mpole, na mkaidi kuliko punda. Yeye ndiye aliyetuletea modemu, ile iliyokuwa ikilia kama paka aliyekanyagwa mkia kabla ya kushika laini. Siku moja akaniambia kwamba mtu akiweka websaiti, ndivyo tulivyoiita wakati huo, mtu yeyote duniani anaweza kuiona.

Mimi katika dunia nzima nilikuwa namtaka mtu mmoja tu. Nikamwambia anifundishe.

Sasa sikilizeni nilivyoharibu. Sisi watu wa Mji wa Kale wa Mombasa hatuanzi na shida. Ukienda kwa mtu hata kama nyumba yako inaungua, kwanza utamsalimu, utamuuliza habari za nyumbani, za watoto, za wazee, utajibiwa, utaulizwa za kwako, utajibu, ndipo useme moto. Kwa hiyo mimi ukurasa wangu wa kwanza ulikuwa na salamu. Hakuna kingine. Assalaam alaikum, karibu, habari za nyumbani? Chini yake kuna maneno ya kubonyeza: "Alhamdulillahi, sote hatujambo." Ukibonyeza unafika ukurasa wa pili, unaulizwa habari za watoto na za wazee. Unabonyeza tena kwamba wako salama. Ukurasa wa tatu unakaribishwa ndani, na hapo nilitia picha kubwa ya sebule yetu, ambayo kwa laini za simu za wakati ule ilikuwa ikishuka mstari mmoja mmoja, dari kwanza, na kabla mazulia hayajaonekana ungeweza kupika chai. Ukurasa wa nne ndio kofia, yaani mikanda yangu, na wa tano ni wa duara za juu.

Niliona nimefanya jambo la adabu sana. Na chini kabisa niliweka ile kaunta iliyokuwa ikihesabu wageni. Kila siku nikiingia naikuta imepanda. Nilifurahi, wallahi. Nilikuwa nikitembea barabarani naona watu hawajui tu, lakini mimi nina wageni.

Kazungu akaja kuitazama. Akabonyeza salamu zote kwa subira, akafika kwenye kaunta.

"Bi. Zena, hii ukiifungua mwenyewe haihesabu?"

"Sijui, Mwalimu."

"Hebu tuone." Akafunga, akafungua. Ikapanda. Akafunga, akafungua tena. Ikapanda tena. Hakucheka, na afadhali angecheka. Wale wageni wote walikuwa mimi.

Nilikasirika kama mtoto. Nikamwambia labda watu wake wa Kaloleni huingia nyumba za watu bila hodi. Akasema huko Kaloleni salamu ni ndefu kuliko zangu, ila husemwa watu wakiwa wamekaa. "Mgeni wako huyu hajakaa, Bi. Zena. Amesimama, na bili ya simu inakwenda." Bado sikukubali.

Aliyenikubalisha ni jirani yangu Bi. Mize, mama wa makamo ya marehemu mama yangu, ambaye kompyuta hajawahi kuigusa. Nilikuwa nimezichapa kurasa zangu kwa karatasi, nikampelekea nisifiwe. Alivaa miwani, akasoma ya kwanza, ya pili, ya tatu.

"Kofia zi wapi?"

"Ziko mbele, endelea kufunua."

Hakufunua. Alirudi kwenye ile ya kwanza. "Zena, hapano wamsalimu nani?"

"Mgeni."

"Na hino 'sote hatujambo', ni nani ajibuye?"

"Ni huyo mgeni. Akibonyeza hapo ni kama amejibu."

"Sasa maneno si yako haya? Umeuliza weye, ukajibu weye." Akavua miwani, akanitazama kwa macho yake mwenyewe, kisha akaziweka karatasi kando taratibu. "Mwanangu, leo ndoo ule kwangu."

Nilikula kwake. Mchuzi ulikuwa mzuri na sikuusikia ladha. Nilikuwa nikifikiria kwamba nimekaa nyumbani mwangu nikaandika salamu na majibu yake, nikayatia pambo la maua pembeni, nikayapeleka duniani, na mtu mmoja aliyeyasoma kwa moyo ameona kitu ambacho mimi mwenyewe sikuwa nimekiona. Upweke una tabia hiyo. Unauzoea mpaka unaanza kuupamba.

Kesho yake nilimwambia Kazungu nataka kuivunja. Akanipa kazi ambayo na mimi nimewapa wanafunzi wangu wote, na nyinyi nawapa sasa. Alisema kila Jumamosi nimletee websaiti moja nzuri na moja mbaya. "Na usiniambie nzuri kwa kuwa inapendeza. Niambie uliingia ukitaka nini, na ukatoka nacho au ukatoka mikono mitupu."

Kwangu hapakuwa na kompyuta, kwa hiyo nilizichapa ofisini nyuma ya karatasi zilizoharibika, nikaenda nazo nyumbani. Chumba cha baba kilikuwa na kitanda kipana kisicholaliwa. Nikafungua madirisha kwa mara ya kwanza tangu arubaini yake, nikazitandaza: nzuri upande wa kulia, mbaya upande wa ukutani. Upande wa ukutani ulijaa upesi.

Kulikuwa na hoteli moja ya ufukweni, sitaitaja, yenye herufi zinazowaka na kuzima mpaka jicho linatoa machozi, na muziki juu yake. Niliingia nikitaka kujua iko wapi. Nilitoka najua wimbo. Kulikuwa na nyingine kama jaa la Kibarani, kila aliyepita ametupa chake: hali ya hewa, bendera, paka anayekimbia, saa ya nchi nyingine. Kulikuwa na ya mtu aliyeandika manjano juu ya nyekundu. Na karibu zote zilikuwa na yule mchimbaji, mtamkumbuka nyinyi? Hamumkumbuki, hamkuwa mmezaliwa. Ni kijipicha cha mtu na sepetu yake, chini kimeandikwa "inatengenezwa". Wakati ule kila ukurasa ambao mwenyewe hakujua aweke nini, alimweka mchimbaji. Unarudi mwaka ujao, bado anachimba. Nilimchukia mtu yule.

Kisha nikakumbuka kwamba na mimi ninaye. Alikuwa kwenye ukurasa wa duara za juu, kwa kuwa sikuwa na duara hata moja la kuonyesha, na sikutaka kusema kwa nini.

Kwa upande wa kulia wa kitanda karatasi zilikuwa chache. Moja ilikuwa ya mzee fulani wa nchi za baridi aliyekuwa akipenda mafundo ya kamba. Kiingereza chake kilikuwa kibovu kama changu. Ukurasa mweupe, picha ndogo ndogo, na chini ya kila fundo sentensi mbili: la kazi gani, na nani alimfundisha. Nikasoma mpaka mwisho bila kujua nimesoma mpaka mwisho. Chini kabisa alikuwa ameandika kwamba fundo la mwisho kamba yake humponyoka, halijui vizuri, anayelijua tafadhali amwandikie. Niliishika karatasi ile muda mrefu. Kumbe mtu anaweza kusema hivyo mbele ya dunia nzima na paa lisimwangukie.

Mfano mwingine mzuri haukutoka kwenye kompyuta. Nilipita mtaa wa Kuze kwa muuza viungo mmoja, nikasimama nimtazame kama Kazungu alivyonifundisha kutazama. Magunia yake yako mbele, midomo wazi, iliki, mdalasini, pilipili manga. Wewe unamsalimu, yeye anakujibu, mnaulizana hali za wazee wote, na muda wote huo macho yako yameshaona alichonacho. Salamu zilikuwepo zote. Hazikuziba mlango, basi.

Nikaijenga upya. Salamu nikazifanya mstari mmoja, juu, na jibu nikamwachia mwenyewe anayesalimiwa. Sebule yetu nikaitoa, maana nani aliuliza. Kaunta nikaing'oa kwa mkono wangu. Mikanda nikaiweka mbele kabisa, picha ndogo ndogo, maandishi meusi na ukurasa mweupe, na chini ya kila mmoja nakshi yake inaitwaje na nilijifunza kwa nani. Mkanda wenyewe ni mrefu, hauingii kwenye skana, kwa hiyo Kazungu aliuchukua vipande vipande akaviunga kwenye skrini, mpaka ukiutazama hujui ni wa mtoto au wa mtu mzima. Nilipofika kwenye ukurasa wa duara nilikaa na chai ikapoa. Kisha nikamtoa mchimbaji, nikaandika: "Duara za juu hushonwa na mdogo wangu Nuru. Mimi siziwezi."

"Unasema wazi hivyo?" Kazungu akauliza.

"Ndiyo ukweli."

"Basi acha," akasema, na alikuwa mtu wa kubishana mpaka nukta.

Halafu hakuna kilichotokea. Hili hawatawaambia kwenye darasa lenu, kwa hiyo nawaambia mimi. Unaweza kufanya kila kitu sawasawa na ukabaki kwenye kimya kile kile. Tena bila kaunta nilikuwa sina hata wageni wangu wa uongo. Nilikuwa nikifungua sanduku la barua pepe, ambayo anwani yake niliiweka chini ya ukurasa, kila asubuhi kabla ya wenzangu kufika, nikilikuta tupu, nikaendelea kuchapa hati za makontena. Ramadhani ikaja, ikapita. Nilifuturu kwa Bi. Mize siku nyingi, siku nyingine nikajifanya nina wageni ili asinionee huruma.

Barua ilikuja siku ya kawaida tu. Ilikuwa ya msichana anaitwa Amina.

"Assalaam alaikum mama mkubwa," aliandika. "Mimi ni mwana wa Nuru." Alikuwa akisoma chuo huko, mwenzake mmoja mwenye asili ya Mombasa alikuwa akitafuta chochote cha Kiswahili kwenye mtandao, akaiona kofia, akaona jina la Nuru, akamtania kwamba mama yake amekuwa maarufu. Amina akauchapa ukurasa akampelekea mama yake jikoni. "Mama alikaa chini," aliandika. "Akauliza, nani alomfundisha kusema siziwezi, dada yangu hajawahi kusema siziwezi." Walikuwa wamehama nyumba, na barua zangu zilikuwa zimekwenda kwa watu wengine. Na yeye alipopiga Kibokoni, simu yetu ilikuwa imekatwa zamani, akadhani ni mimi niliyenyamaza.

Chini kulikuwa na namba. Nilipiga kwa simu ya ofisi, meneja akiwa ametoka kwenda kuswali. Akapokea Nuru mwenyewe. Nikamuuliza habari za nyumbani, akajibu. Za watoto, za mumewe, za afya, za joto. Akaniuliza za kwangu, za Bi. Mize, za majirani mmoja mmoja, na waliokufa tukawaombea. Hatukufika kwenye habari yenyewe. Laini ikakatika tukiwa bado kwenye salamu, na mimi nikabaki nimeshika simu nalia na kucheka, kwa kuwa safari hii zilijibiwa na mtu.

Sitawadanganya kwamba mambo yaligeuka. Nuru hakurudi. Mumewe alikuwa mgonjwa, watoto wanasoma, na safari si jambo la kusema tu. Tuliongea mara moja moja. Nyumba ilibaki ile ile, taa ni ya sebuleni tu, na mpaka leo ni hivyo.

Lakini baada ya muda alikuja msafiri kutoka Maskati, kijana wa watu wa Kuze, akanigongea na bahasha ya kaki aliyopewa ailete kwa mkono. Ndani, katikati ya karatasi laini, kulikuwa na duara. Nakshi yake ilikuwa ndugu ya ule mkanda wa pili kutoka juu kwenye tovuti yangu, ule aliokuwa akiupenda baba. Kitambaa kipya, mishono ya juzi, na mkono ni wa Nuru, kwani yeye huvuta uzi kwa kushoto na kitundu chake huinama kidogo. Hakukuwa na barua.

Nikaufungua ule mkebe wa sindano, nikautoa uzi wa baba, nikauzungusha pembezoni mwa lile duara. Ncha ikafika kwenye fundo, sawasawa na kichwa cha baba.

Niliviunga vile vipande viwili wiki ile. Nikaipiga wanga kofia, nikaivika kwenye sufuria iliyogeuzwa ili ikauke na umbo lake, nikaiweka kitandani kwa baba palipokuwa na karatasi zangu. Iko pale. Haina kichwa cha kuivaa, na mimi sijaitafutia.

Mwalimu wenu atataka niseme somo ni lipi. Mimi kila ninapoikumbuka tovuti ile huzipitia tena kurasa zake zote kichwani, moja moja mpaka ya mwisho, nikitafuta mahali nilipoandika kipimo. Sikuandika popote. Wala Nuru hakuuliza.